Gari la Mutiso Halitaitwa Pikapu

Mutiso, mdogo wangu,

Sikuandikii ili nikulilie. Nililia vya kutosha siku tulipokuzika kando ya mama, na wewe mwenyewe hukupenda makelele. Nakuandikia kukujulisha kwamba gari lako lingali mtaani Ziwani, mbele ya nyumba yako, na kwamba kuna watu wanaotaka nilisemee uongo ili lipate nambari za usajili. Nimekataa.

Mtaa umebadilika tangu uondoke. Watu wa ubomoaji wamepita wakipaka alama nyekundu kwenye kuta zetu. Nyumba hizi za zamani zitabomolewa, yajengwe maghorofa kama yale ya mtaa wa Huruma, na chochote kitakachokutwa uani bila nambari kitabebwa kama chuma kikuukuu. Mmoja wao alilipiga gari lako teke kwenye gurudumu. Nilikuwa naanika nguo. Nikamwambia aliondoe guu lake kabla sijaja kuliondoa mimi. Aliliondoa.

Unakumbuka makasha yalipofika? Binti yako Mwende aliyatuma kutoka Uholanzi: gari zima katika vipande, la kuunganishwa nyumbani, likikosa injini tu. Majirani walidhani ni kitanda. Ulikuwa umestaafu udereva, mkeo ameshatangulia, nami nilifurahi kwamba umepata kazi ya kukuondoa kitini. Injini uliitoa katika pikapu ya Kijapani iliyopinduka, ukanunua mbao za sakafu sokoni Gikomba, ukaanza kugonga. Ulinigongea usingizi wangu wote wa alasiri. Sasa alasiri ni kimya, na bado silali.

Kijitabu cha maelezo kilitaja milimita. Wewe ulikiweka kando ukapima kwa shibiri na kwa urefu wa mguu wako, kama baba alivyopima magogo ya kuchongea vinyago vya twiga. Nilikuonya kwamba waliotengeneza vyuma vile hawakuvikadiria ovyo. Ukanijibu, "Dada, gari ni kama kiatu. Hupimwa kwa mguu wa mwenye kulivaa." Ukasogeza kiti mbele, ukasogeza pedali nyuma, ukavichomelea vyote visisogee tena. Sikukubaliana nawe. Lakini chai ilikuwa inapoa, nikakumiminia.

Basi, walipopaka alama zile, nikalipeleka kukaguliwa lipate nambari. Gari lisilosajiliwa haliendeshwi barabarani, nami sivunji sheria, kwa hiyo niliwaita vijana wa mkokoteni kutoka Gikomba, wakalivuta kwa kamba. Mimi nilitembea kando, mkoba mkononi. Mutiso, mji mzima ulitoka kutazama, na vijana wakaniita shosho, bibi kizee wao. "Niaje shosho! Mafuta imeisha ama punda ndio imeisha?" Mwingine akapaza sauti, "Hiyo si gari, hiyo ni jeneza ya mzungu!" Nikasimama. Nikamwambia kijana huyo kwamba jeneza halina usukani, na kwamba aliyeutia usukani huo amezikwa katika jeneza la kawaida kabisa. Akavua kofia. "Pole, shosho. Sikujua." Kisha akashika kamba akavuta pamoja na wenzake hadi kituo cha ukaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti. Alijaribu kuingia. Magoti yalikwama chini ya usukani, akabaki nusu ndani, nusu nje, kama panzi aliyebanwa na mlango. Akamwita mwenzake. Naye akashindwa. Wakaanza kucheka. "Mama, hii ilijengewa mtoto wa shule?"

"Ilijengewa mwanamume mzima," nikasema, "na hakuwa na haja ya miguu mirefu kuliko aliyopewa."

Hapo mkaguzi akaacha kucheka, akanieleza kwa adabu kwamba gari lisiloendesheka haliwezi kupimwa breki. Nilirudishe, likatwe, lipimwe upya. Nilikuonya, Mutiso! Nilisimama pale nimekukasirikia kana kwamba ungetokea nyuma ya ukuta unitolee udhuru. Halafu nikaitazama miguu yangu. Miguu ya mama. Mifupi, minene, ileile aliyokupa na wewe.

Nikamkabidhi mkaguzi mkoba wangu. Nikatoa humo leseni ya udereva, ile uliyoniuliza kila mara naihuishia nini ilhali gari langu niliuza nilipoacha kufundisha. Nikaingia.

Ndugu yangu, nyayo zangu zilifika. Zilikaa juu ya pedali bila kunyoosha wala kukunja. Mgongo ulipata mahali pake. Nilikuwa nimeketi ndani ya vipimo vyako, nikainamisha kichwa juu ya usukani. Mkaguzi aliuliza kama naumwa. Nilisema siumwi. Nikawasha, nikaliingiza kwenye mashine ya breki, nikakanyaga alipotaka nikanyage. Lilisimama sawasawa. Taa zako zilikuwa zikitazama mawinguni, zikashushwa. Honi walisema ni kali mno kwa gari dogo. Nikasema mwenyewe pia alikuwa hivyo.

Alipomaliza akatangaza kwamba gari ni salama, akaniuliza aandike nani kuwa mtengenezaji. Nikakutaja. Akaandika jina lako: Mutiso, Ziwani.

Ungedhani yameisha. Hata mimi nilidhani hivyo. Katika ofisi ya usajili, karani, binti mwenye kucha za buluu, alilitafuta jina lako katika orodha ya watengenezaji kwenye kompyuta yake asilione. "Shosho, hapa kuna kampuni tu. Hiyo Mutiso haiko." Nikamwambia iongezwe. Akasema hana uwezo huo. Nikamweleza aliyonisimulia Mwende: huko Uholanzi jirani yake, mzee kama sisi, aliunda gari lake mwenyewe, likakaguliwa, likapata nambari, analiendesha hadi Ubelgiji na Ufaransa na hakuna anayemsumbua. Alipohamia Ujerumani, wakalikagua upya, taa, moshi, kelele, hata namna vyuma vilivyochomelewa. Alinung'unika mwaka mzima. Lakini hakuna aliyemwambia aseme limeundwa na mtu mwingine.

"Lakini shosho, hapa si Ulaya."

"Jiografia naijua, binti yangu. Nauliza kuhusu ukweli."

Nje alinisubiri broka, dalali aliyekuuzia pikapu ile, mtu wa viatu vilivyong'aa. "Mathe, mbona unajitesa? Ile pikapu ilitoa injini ilikufa, lakini kitabu yake ya usajili iko hai. Tunaweka nambari yake kwa hii yako, kesho uko barabarani. Kila mtu hufanya hivyo." Alisema kweli, kila mtu hufanya hivyo. Mikononi mwake kulikuwa na nambari zenyewe, tayari, zimefungwa gazetini. Nilifikiria watu wa alama nyekundu. Nilifikiria lori lao. Nakiri nilizishika, nikazipima uzito.

Kisha nikazirudisha. Pikapu hiyo haikuwahi kupima kitu kwa shibiri. Haikumwamsha mtu alasiri. Ikiwa gari lako litaitwa pikapu, basi miaka yako ya mwisho hukufanya lolote, ulikuwa mzee tu aliyekaa uani, nami nilikuona kwa macho yangu kwamba haikuwa hivyo.

Nimerudi kwa karani mara nyingi. Sasa ameacha kuniita shosho, ananiita mwalimu, na amenipeleka kwa mkubwa wake, aliyenipeleka kwa mkubwa wake. Huyo wa mwisho alisema suala langu halina mfano. Nikamjibu kwamba mfano ni mimi, niliyeketi mbele yake, na kesho nitakuwa nimeketi hapohapo. Watu wa ubomoaji nao wametuma neno kwamba watakuja wiki hii. Nimehamishia kiti cha jikoni uani, karibu na mlango wa dereva. Wakileta lori, nitaingia ndani nifunge. Hakuna hata mmoja wao mwenye miguu ya kunifuata humo.

Lala, Mutiso. Msalimu mama, na umwambie miguu yake inafanya kazi. Nakuahidi hili: gari lako litapita barabarani likiwa na jina lako, au litabaki hapa nami ndani yake. Kwa jina la mwingine haliondoki.

Dada yako,
Mwikali