Siku ya Mama Koki Haikufunguliwa

Kijiji cha Mnyambe,
Newala.
18 Oktoba 2025

Mpendwa Kaka Dadi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kigoma, wewe, wifi Naima na watoto. Kifua cha wifi kimepoa? Sisi huku miili ni mizima. Mioyo ndiyo bado inajifunza kuamka bila Mama. Anwari wangu amerudi shule. Korosho zimeanza kudondoka na kila mtu yuko shambani tangu alfajiri.

Siku ya msiba nilikueleza kwenye simu kwamba Mama ametutoka, na kwamba tumemzika salama. Ni kweli. Lakini kuna jambo sikulisema, maana sauti ilikuwa inakatika na wewe ulikuwa unalia. Sasa Mjomba Sharifu anasema atalileta mbele ya ukoo utakapokuja Desemba. Nataka ulisikie kwangu kwanza.

Unajua maji yetu sisi wa juu ya mlima. Chemchemi iko chini kabisa bondeni, na pampu ndiyo inayoyapandisha. Mwaka huu mvua ziliondoka mapema. Kufika Juni visima vya mvua vya majumbani vilikuwa vimebaki tope, na chemchemi yenyewe ikaanza kupungua.

Mwezi wa saba serikali ilimleta mhandisi wa maji, mama mmoja wa makamo anayeitwa Theodora, mtu wa Mbeya. Alituita mkutanoni, sisi na wenzetu wa kijiji cha Lihangu tunaochangia nao bomba. Akasema wamepima, chemchemi inatoa nusu ya ilivyokuwa inatoa, na kibali cha kuvuta maji kimepunguzwa. Vijiji vitapata kwa zamu. Katika kila zamu zahanati na shule kwanza, kisha nyumba, kisha mifugo. Bustani na matofali, hapana, hadi mvua inyeshe.

Mzee mmoja akamuuliza, "Na serikali nayo inapima maji ya Mungu?"

Akajibu taratibu, "Maji ni ya Mungu, baba. Ila chini huko kuna watu wengine wanayangoja. Na tukivuta yote sasa, Novemba pampu itavuta mchanga."

Siku ile ile wakanichagua mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji. Sikuomba, Kaka. Walisema Mama Anwari hana ugomvi na mtu. Nadhani ndiyo maana walinichagua, na ndicho kitu cha kwanza kilichopotea.

Mwezi wa nane alikuja Erasto wa Lihangu. Mkewe, Yuster, alikuwa amefariki usiku huo, na zamu ilikuwa yetu. Aliomba koki kubwa igeuzwe upande wao kwa nusu siku tu, ya msiba. Tulikaa kamati. Bomba la Lihangu ni refu. Hadi lijae na maji yatoke huko mwisho, matangi yetu yangekuwa yamekauka, na zahanati ilikuwa na wazazi wawili wanaongoja kujifungua. Tukasema hapana. Mimi ndiye niliyemwambia, uso kwa uso. Alivaa kofia yake akaondoka.

Mama naye akafa siku ya zamu ya Lihangu.

Alikuwa ameanza kuzidiwa tangu Jumapili, na alfajiri ya Jumatano alivuta pumzi ndefu kisha hakuvuta nyingine. Nilikuwa nimemshika mkono. Nyumbani tulikuwa na ndoo mbili. Watu walianza kuingia uani, na Mjomba akaniita pembeni.

"Alphonce yuko kwenye koki," alisema. "Nimeshaongea naye. Anangoja neno lako tu."

Alphonce ndiye fundi anayefungua na kufunga koki. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikamkuta amesimama na funguo mkononi. Aliniambia, "Pole, mama. Nifungue? Hakuna atakayesema kitu. Ni mama yako."

Nilisimama pale, Kaka, nikamfikiria Yuster, ambaye sikuwahi hata kumwona. Nikamwambia asifungue.

Mjomba alipopata habari alinitazama mbele ya watu wote. "Dada yangu amelala ndani anangoja maji," alisema. "Wewe umeshakuwa mtu wa serikali. Si mtoto wetu tena."

Majirani walisikia. Bi Anifa alikuja na ndoo yake ya mwisho, akafuatiwa na mwingine, na mwingine. Mama aliogeshwa vizuri, kwa heshima zote. Juu ya hilo uwe na amani. Lakini maji ya waliokuja kuzika hayakutosha. Watu waliotoka Chiwata kwa miguu walirudi na kiu. Wali haukupikwa. Msiba wa Mama, aliyelisha kila msiba wa kijiji hiki, ulimalizika mapema.

Kabla ya kwenda makaburini, Erasto alifika akisukuma baiskeli, madumu mawili yamefungwa nyuma. Aliyashusha mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Uliniambia hapana. Nilikuja kuona kama na wewe mwenyewe utajiambia hapana." Kisha akaingia kukaa na wanaume. Nililia hapo, si kabla.

Mjomba hajanisalimu tangu siku hiyo. Nikimwamkia, anaitikia akiutazama ukuta. Usiku huwa najiuliza, Kaka, kama sheria ya maji ina haki ya kufika hadi kitandani kwa mzazi wa mtu. Mara nyingine najibu ndiyo, na mara nyingine nanyamaza.

Juzi ilikuwa zamu yetu. Nilikuwa nyuma ya tangi, foleni hainioni. Godwin, yule mfanyabiashara anayejenga barabarani, alikuja na gari lake akitaka kujaza mapipa ya kufyatulia matofali. Alphonce akakataa. Godwin akapandisha sauti, akataja wakubwa anaowajua wilayani, na Alphonce akaanza kuyumba.

Ndipo nikasikia sauti ya Mjomba kutoka kwenye foleni. "Dada yangu hakufunguliwa koki siku aliyokufa," alisema. "Wewe utafunguliwa kwa ajili ya matofali?"

Godwin akageuza gari. Mjomba akachota ndoo yake, akaiinua, akapita karibu nami bila kunitazama.

Utakapokuja Desemba utusikilize wote wawili. Wewe ndiye mkubwa wetu sasa. Ukiona nilikosea, nitakubali mbele ya ukoo.

Nisalimie wifi Naima, na watoto mmoja mmoja. Bi Anifa anakusalimu, Alphonce pia, na Anwari anasema anakusubiri. Mungu amlaze Mama mahali penye kivuli, na wewe akulinde ugenini hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Stamili