Nilimwacha Mama Amwite Msichana wa Kazi

Mshauri mpendwa, naomba unijibu kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi ndiyo siku ya ruracio ya dada yangu mdogo, wageni wanakuja kwa mama kuzungumza mambo ya mahari, na mama ameshawatangazia wanawake wote wa kanisa kwamba nitamleta msichana wangu wa kazi awasaidie kupika, na mimi, Mungu anisamehe, sina msichana wa kazi.

Acha nianze mwanzo. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina duka la dawa za mifugo hapa Nyeri, na ninakaa katika mtaa mtulivu nje ya mji, ile mitaa ambayo kila nyumba ina ua wa kayaba na mbwa mvivu, na gari geni likisimama langoni kwako majirani wanatoka kuanua nguo ambazo bado hazijakauka. Mke wangu tuliachana zamani, watoto wako naye Thika, na baada ya kesi na vikao vya wazee niliapa kwamba mambo ya ndoa basi. Halafu mwaka jana akaja dukani mwanamke mmoja kuulizia chanjo ya vifaranga vya shule, ni mwalimu, naibu mkuu wa shule moja ya upili upande wa Kiganjo, kwao ni Makueni, mjane, ana akili kunishinda na ananichekesha mpaka mbavu zinauma, tukaanza na chai, tukafika tulipofika.

Yeye ndiye aliyesema kwanza, "Mimi sitafuti bwana. Nilikuwa na mmoja, nikamzika, imetosha." Nikafurahi sana, tukakubaliana kama watu wazima: hakuna kuahidiana ndoa, hakuna kupelekana kwa wazazi, hakuna kuulizana ulikuwa wapi, na tukiwa pamoja simu zinazimwa. Alikuwa anakuja Jumapili mchana wakati mtaa uko kanisani au umelala baada ya chakula, na jioni anarudi kwake. Sikuona kama tunamkosea mtu, na kusema kweli Jumapili zilikuwa siku zangu nzuri.

Sasa kanisani kwetu tuna ushirika wa nyumba kwa nyumba, kila Jumapili alasiri watu wa mtaa wanakusanyika kwa mmoja wao kwa zamu, wanasoma neno, wanaomba, na mwenye nyumba anatoa chai. Jumapili hiyo haikuwa zamu yangu, ilikuwa ya jirani, lakini jirani akafiwa, na Mzee Hezekiah, ambaye ndiye mzee wa kanisa wa mtaa wetu, akaihamishia kwangu, akatuma ujumbe kwenye kundi la simu, akanipigia pia, na simu yangu ilikuwa imezimwa, sababu unaijua. Mama aliuona ujumbe, na kwa vile anajua mwanawe hana hata majani ya chai, akatangulia kuja, akaingia kwa mlango wa jikoni kama anavyoingia siku zote, amebeba nduma kwenye kiondo.

Akamkuta huyu mwalimu jikoni, amejifunga leso, amevaa malapa yangu, mikono imejaa unga wa chapati.

"Aaai, kumbe ulipata mtu wa kukusaidia!" mama akasema, na uso wake ukajaa furaha. "Na hukuniambia! Mungu ni mwema, hii maneno nimeombea sana. Wee mami, unaitwa nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni nyuma yake. Nikajibu mimi. Nikasema, "Ni wa kutoka Ukambani. Ameanza juzi tu."

"Sawa. Basi mami, weka maji mingi, watu wanakuja ushirika. Na hizo vikombe za kabati ziko na vumbi, osha zote."

Mwalimu akanitazama. Mshauri, nafasi ya kusema ilikuwepo, sitakudanganya, mama alikuwa ameinama anafungua kabati ya chini akitafuta sukari, ningesema neno moja tu yakaisha. Nikasema, "Sukari iko juu."

Basi akaosha vikombe. Watu wakaja, sebule ikajaa, na yeye akaleta chai kwenye trei, akapitisha kwa mmoja mmoja kuanzia kwa wazee. Alipofika kwa mama mmoja anayeitwa Wacera, ambaye mtoto wake, kumbe, anasoma katika shule hiyo ya Kiganjo, Wacera akashtuka, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu?" Naye akamjibu, "Karibu chai, mama," akasonga mbele. Wacera hakufumba macho tena maombi yote. Na Mzee Hezekiah alipofunga kwa sala akasema, "Na tunakushukuru kwa huyu msichana wa jikoni, Baba. Umbarikie kazi ya mikono yake, na wakati wako ukifika umpatie bwana." Watu wakasema amina. Nami nikasema amina, tena kwa nguvu.

Mwalimu alipokuwa anaondoka, mama alivua sweta yake mwenyewe, akampa. "Vaa hii. Baridi ya huku si kama ya kwenu." Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, mama." Nilimfuata mpaka langoni nikijifanya naenda kumfunga mbwa. Hakunitukana, hakulia. Alisema, "Mama yako ni mtu mzuri," akashika njia, na sweta ya mama mwilini.

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Nasikia huko Kiganjo wazazi wanaulizana kama ni kweli naibu mkuu anafulia wanaume nguo Nyeri wikendi, na wengine wanasema mabaya zaidi ya hayo. Na mama kila asubuhi ananipigia, "Yule msichana wako usimsahau Jumamosi, ana mikono safi na heshima." Namwambia nitamuuliza. Sasa nishauri, je, nitafute mwanamke wa kibarua nimpeleke Jumamosi, nimwambie mama yule wa kwanza aliacha kazi? Au nimchumbie huyu mwalimu moja kwa moja, niende naye mbele ya watu kama mke mtarajiwa, ili niifute ile aibu? Au ninyamaze tu yapite, maana tulikubaliana hakuna kupelekana kwa wazazi, na pengine ukitazama vizuri sikuvunja makubaliano yoyote? Sili vizuri, silali vizuri, naona haya hata kuingia jikoni kwangu.

Ni mimi,
Mwenye Haya, Nyeri

MAMA GRIFFINS ANAJIBU

Mwenye Haya, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, ikabidi nikae. Pole. Nalisema mapema hilo neno kwa sababu nikishaanza sitalirudia.

Tuanze na huyo mwanamke wa kibarua. Yaani unataka kukodi mtu aje achukue nafasi ya mtu ambaye hakuwa na hiyo nafasi. Na mama yako akiuliza yule wa kwanza aliacha kwa nini, utasema nini? Alikuwa mvivu? Aliondoka na vijiko? Kwa sababu huo uongo hauwezi kukaa hivyo ulivyo, lazima uulishe, na chakula chake kitakuwa jina la yule yule uliyemwaibisha. Achana nao kabisa.

Sasa hayo makubaliano unayojifichia. Mlikubaliana hutampeleka kwa mama yako. Sawa, hukumpeleka, mama alijileta mwenyewe na kiondo chake. Lakini hakuna siku mlikubaliana kwamba akikutwa kwako atakuwa mtumishi. Ungesema, "Mama, huyu ni rafiki yangu, ni mwalimu Kiganjo," ungekuwa umevunja nini? Mama angekunja uso kidogo, Mzee Hezekiah angekohoa, chai ingenyweka na ulimwengu ungeendelea. Mimi hiyo mipango yenu ya kupendana bila ahadi siipendi, ungeniuliza mwaka jana ningekukataza, lakini hukuniuliza. Mlikuwa watu wazima wawili na mlielewana. Yeye alitimiza upande wake mpaka kwenye trei ya chai, akakuficha mbele ya mzazi wa mwanafunzi wake, kwa gharama ya heshima yake. Wewe upande wako ulishindwa kutaja hata neno rafiki.

Na kuna jambo umelipita haraka, mimi sitalipita. Mama yako alikuta mwanamke jikoni kwa Mkikuyu, akaambiwa ni wa Ukambani, na msichana wa kazi akabaki msichana wa kazi, naye ni mwanamke mzima aliyezika mume na anayeongoza shule. Angekuwa ni Mkikuyu wa Othaya angemuuliza ni wa kwa nani, na wazazi wake ni akina nani. Huo ni ugonjwa wetu sisi watu wa mlimani, tuseme ukweli, na mama yako ni mtu mwema lakini anao. Wewe ulijua anao, ukajikinga nao kama mwavuli. "Ni wa kutoka Ukambani." Maneno hayo ulijua yatamaliza maswali, na yalimaliza.

Tena angalia barua yako. Mzee Hezekiah umemtaja kwa jina. Wacera umemtaja kwa jina. Mama yako alimuuliza huyo mwanamke anaitwa nani, na mpaka barua inaisha bado hujajibu, hata kwangu mimi ambaye sikujui na siwezi kukufanya kitu.

Habari ya kumchumbia, usithubutu. Alikwambia kwa mdomo wake hatafuti bwana. Ukienda sasa kupiga magoti utakuwa unatafuta dawa ya usingizi wako, na yeye atakuwa amefanywa mtumishi Jumapili na bandeji Jumamosi. Mwanamke huyo ametumika vya kutosha nyumbani kwako.

Sasa nisikilize vizuri. Nenda kwa mama yako, peke yako, mchana, usipige simu. Mwambie, "Yule uliyempa sweta si mfanyakazi wangu. Anaitwa fulani, ni naibu mkuu wa shule, ni mwanamke niliyekuwa naye, na nilikudanganya mbele yake." Taja jina, tena jina kamili. Atakuuliza kama mnalala pamoja, mama zetu nawajua. Mwambie hayo ni ya watu wazima wawili na ufunge mdomo. Anaweza kulia, anaweza kukufukuza. Atakapokumbuka aliamuru vikombe vioshwe na nani, atataka ardhi immeze, na hapo usimtetee wala usijitetee, kaa naye tu. Na akitaka kumwomba radhi huyo mwalimu, asipitie kwako, na asiende mpaka mwalimu mwenyewe akubali.

Ukitoka hapo, mtafute Wacera. Huyu ndiye muhimu kwa sasa, kwa sababu maneno ya Kiganjo yanapitia kwa watu kama yeye. Mwambie, "Yule alikuwa mgeni wangu. Mimi ndiye niliyemwita mfanyakazi, kwa woga." Usiongeze kitu. Halafu ushirika ujao, kabla ya sala ya mwisho, simama useme maneno hayo hayo mbele ya Mzee Hezekiah na wote waliosema amina. Utapiga kigugumizi, watu watatazama viatu vyao, na wiki mbili utakuwa habari ya mtaa. Vumilia. Wewe utakuwa habari ya mtaa ukiwa na duka lako na mama yako na watu wako. Yeye amekuwa habari ya shule akiwa mgeni, hana hata binamu wa kumtetea pale.

Ukimaliza yote hayo, na si kabla, mwandikie ujumbe mfupi. Mwambie ulichofanya siku ile, kisha mwambie umeshawaambia akina nani. Usimweleze unavyoteseka, hilo si la kumpelekea. Usimwombe akujibu. Na usije ukaonekana kwenye lango la shule na maua, macho aliyonayo hapo yanamtosha.

Jumamosi wapishi hawatakosekana, wanawake wa kanisa lenu wapo wengi. Wewe vua koti uwasaidie kuteka maji.

Pengine hatakujibu kamwe. Hiyo ni haki yake, na haibadilishi hata neno moja la niliyokwambia, kwa sababu huendi kuyasema haya ili arudi kwako Jumapili. Unayasema kwa sababu hivi unavyonisoma, kuna mwanamke Kiganjo anaingia darasani, na wanafunzi wanamwita kimyakimya lile jina ulilompa wewe. Kunja gazeti. Mama yako yuko nyumbani. Nenda.