Mguu Wangu Mbele ya Mama Mkwe

Kiwalani,
Dar es Salaam.
18 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Lulu,

Assalaam aleikum. Na marahaba kabisa, maana najua ukifungua tu bahasha utaniamkia. Hujambo? Shemeji Bakari hajambo? Na wanangu wanaendeleaje na shule? Sie huku wazima, kijibaridi cha mwezi wa nane bado kipo, na ndege zinatupitia juu ya bati kama kawaida. Shemeji yako Mfaume anakohoa lakini sigara hataki kuacha, nimemchoka.

Utashangaa barua, dunia hii ya simu. Mwenzangu, kwenye simu kila nikifika kwenye habari ya mguu wako, mtandao wa Kilwa unakata. Barua haikati. Nimempa mwanangu Khalfani akuletee mkononi, na nimemwambia asiinuke hapo mpaka umalize kusoma.

Nasikia huko wanasema kwenye ile operesheni yangu ya matende nimekatwa mguu. Uongo mtupu! Mguu ninao, na vidole vyote vitano. Kwanza hospitali walinifunga bendeji za kubana wiki sita, uvimbe ukapungua kiasi. Halafu mwezi wa nne Daktari Adelard akanipasua, akaondoa nyama zile zilizozidi kuanzia chini ya goti, akachukua ngozi ya pajani akaipandikiza pale. Sikudanganyi, paja liliniuma kuliko mguu wenyewe.

Nikaruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti moja: mguu ukae juu ya mito, upite kifua, mchana na usiku, mpaka ngozi ishike. Ukining'inia maji yanashuka, unavimba, ngozi inabanduka. Nikaitikia, ndiyo daktari. Kufika nyumbani nikaharibu.

Siku ya tatu mama mkwe akaja kutoka Tandika kuniuguza. Unamjua alivyo, mtu wa heshima zake. Sasa Lulu, niambie wewe, mie nilale nimemnyooshea mama yake Mfaume unyayo usoni? Nithubutu vipi? Kila akiingia chumbani nashusha mguu chini, naufunika khanga, nakaa kitako namwamkia. Wakija majirani kunijulia hali, hivyo hivyo. Na Kiwalani hii unaijua, mgonjwa mmoja wageni arobaini. Nikashinda hivyo siku tisa.

Siku ya kliniki bendeji ilikuwa imelowa, inanuka. Walipofungua, kipande cha ngozi kama kiganja kilikuwa kimegeuka cheusi. Daktari akaniuliza kama nimekuwa nikiinua mguu. Nikasema ndiyo, na mama mkwe kakaa pembeni yangu anasikia. Daktari akasema basi haelewi tatizo nini, ila kikifa kipande kingine itabidi turudi chumba cha upasuaji, na mguu unaweza kuharibika kuliko ulivyokuwa.

Tulirudi nyumbani. Nikalala, nikapandisha mguu kwenye mito. Mama akaingia na uji, na mie bila hata kufikiri nikaushusha. Akaliweka bakuli chini. Akasema, "Siku zote hizi nadhani unaushusha kwa sababu ukiwa juu unakuuma. Kumbe ni mie? Unaniheshimu mpaka unaoza?"

Akakaa kitandani, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, na harufu yake ile, akaupakata. Akabaki nao hivyo mpaka uji ukapoa. Lulu, nililia siku ile, hata siku ya kupasuliwa sikulia vile.

Kuanzia hapo akahamishia mkeka wake mlangoni. Mgeni akija anamwambia, "Mwanangu analala mguu juu, amri ya daktari. Asiyetaka kuona unyayo, kiti kipo upande wa kichwa." Watu wakacheka, wakazoea. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga, lakini kilifunga bila kisu cha pili.

Sikupambii maneno. Mguu haujawa wa kisichana, una makovu mabaya, na bendeji naivaa kila siku, nitaivaa maisha. Naosha kwa sabuni, nakausha hadi katikati ya vidole, inachosha. Lakini homa za mitoki, zile za kuvimba kinenani, hazijanirudia tangu nipasuliwe, na wiki iliyopita nimesali chini, nikasujudu, baada ya miaka sita ya kusalia kwenye kiti.

Haya, sasa wako. Khalfani alikuona Idd, anasema uvimbe umepanda hadi gotini. Nimemweleza daktari. Kasema hawezi kuamua kitu bila kuuona, ila ukiwahi huenda bendeji tu zikatosha. Nimekuandikisha jina, Jumanne tarehe mbili Septemba. Ndiyo, bila kukuuliza. Ukitaka kununa nunia huko huko, ukimaliza upande basi na Khalfani.

Nisalimie sana shemeji Bakari, shangazi Mwanahawa na watoto wote. Mfaume anakusalimu, na mama mkwe anakusalimu, anasema chumba chake cha Tandika kipo ukitaka pa kupumzikia.

Na la mwisho, ambalo nimelizunguka barua nzima. Mwaka ulioolewa, kifundo chako kilipoanza kuvimba, mie ndiye uliyenionyesha wa kwanza. Nikakuambia ukifiche, ndugu zake Bakari wasikione. Ulikuwa na miaka ishirini, ukanisikiliza, na umenisikiliza miaka kumi na moja. Kosa ni langu, mdogo wangu, sio lako. Nisamehe. Na hii mara moja tu, nisikilize tena.

Mola akulinde njiani na akufikishe mlangoni kwangu salama.

Dada yako akupendaye hata ukimnunia,
Mwanabaraka