Mgonjwa Hutangulia Njiani

Ifakara, Juni 1996

Mwalimu,

Shikamoo. Najua uliko hakuna wa kuamkiana naye, lakini nikianza bila shikamoo kalamu inagoma.

Kazi uliyonifundisha, ya kuwanasihi wagonjwa huku tukitembea nao, inaendelea; hilo nakuambia kwanza ili usihangaike. Wiki mbili baada ya kukuzika, mkuu mpya wa kitengo chetu hospitalini aliniita akanionyesha chumba cha ushauri nasaha: meza, viti viwili na pazia jipya. "Nesi, kuanzia sasa wagonjwa wataongelea humu." Nikamjibu kwamba mtu ukimkalisha mbele ya meza anadhani amefika mahakamani. Nikamwomba atembee nami mara moja tu. Hatujafika mto Lumemo, alikuwa ameshanisimulia habari za mdogo wake aliyefia Kidatu, jambo ambalo nadhani hata mkewe hajaambiwa. Chumba sasa tunawekea mashuka.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Ulinikabidhi yule mama wa kijiji cha Mofu aliyekuwa akisubiri majibu ya damu. Vijia vya katikati ya mpunga ni vya mtu mmoja mmoja, basi nikatangulia kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni njia. Nikanasihi kwa ufasaha mpaka mwisho wa shamba. Nilipogeuka, mama alikuwa amerudi zamani, na nyuma yangu alikuwa mbuzi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukasema, "Mgonjwa atangulie, Gaude. Akiona njia tupu mbele yake ataongea. Akiuona uso wako atakusalimia tu."

Na kila mmoja ulimbebesha jembe, hata yule karani aliyekuwa hajui linashikwaje, maana hapa kwetu mwenye jembe haulizwi anakwenda wapi. Wale ambao hatukuwa na dawa ya kuwapa walitembea nasi hivyo, na hakuna jirani aliyewanyooshea kidole. Mpaka leo nafanya hivyo hivyo, na nakuambia bila aibu kwamba naijua kazi hii.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ni mkeo, Mama Fausta.

Hakulia msibani, hakulia kaburini. Matanga yalipokwisha alikaa barazani akanyamaza. Hapiki, na akipikiwa anaonja tu. Mpunga wenu uliiva, ndege wakala nusu yake bila mtu wa kuwafukuza. Fausta alinifuata kliniki machozi yakimtoka: "Dada Gaude, mama naye anatuondokea." Niliogopa, Mwalimu. Niliwaza kwamba nikimshindwa mkeo, na yeye tutamzika kabla ya mvua.

Mara ya kwanza alinifukuza kwa heshima. Mara ya pili bila heshima. Mara ya tatu nikamwambia nimekuja kuvuna mpunga uliobaki, ila sijui mpaka wenu unaishia wapi. Ulikuwa uongo, nimepita pale nawe mara mia. Akanitazama, akafunga khanga, akanyanyuka. Akatangulia.

Tulitembea mpaka shamba la pili. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Ametembea na Ifakara nzima. Ametembea na watu wa Mkula, na wezi, na wake za watu. Mimi, miaka ishirini na sita, hakunitembeza hata mpaka kisimani. Jioni anarudi amechoka maneno. Namwambia jambo, ananijibu, 'Kesho, mama Fausta.'"

Hapo akasimama. Alilia kilio chote alichokuwa amekibana tangu msibani.

Ulimi wangu ulikuwa tayari kukutetea. Nilitaka kusema uliwaokoa wangapi. Nikanyamaza. Na katika kunyamaza, Mwalimu, nikakukasirikia pamoja naye. Nakupenda, na nimekukasirikia, na sitaki kulificha lolote kati ya hayo mawili.

Alipotulia nikamwuliza ni mambo gani hayo aliyotaka kukuambia.

"Ya kawaida tu," akasema. "Kwamba bata ametaga. Kwamba goti linauma. Kwamba Fausta ana mchumba, nami simpendi."

Tangu siku hiyo tunatembea kila Alhamisi. Anakula sasa, na juzi alinipigia kelele kwa kuchelewa, nikashukuru Mungu. Habari za bata zimekwisha, tumeingia kwenye za mchumba, na hizo si za mwezi mmoja. Nami nyumbani nina mume ambaye nimekuwa nikimwambia nimechoka. Jumapili tulikwenda pamoja hadi mtoni na kurudi. Aliongea njia nzima habari za pancha za baiskeli yake, na nilizisikiliza zote.

Basi kwaheri, Mwalimu wangu. Nakuahidi kwamba maadamu nina miguu, Mama Fausta hatakosa mtu wa kumsikiliza, hata habari za goti. Hayo nayabeba kwa moyo mmoja. Lakini radhi siwezi kumwomba kwa niaba yako. Hiyo utamwomba mwenyewe mtakapokutana, na siku hiyo usimwambie kesho.

Mwanafunzi wako,
Gaudensia