Kitambaa Cheusi cha Paipu ya Kurudi

Kinole,
Morogoro.
22 Agosti 1993

Mpendwa Mjomba Abdulmajid,

Shikamoo. Natumaini vumbi la machimbo ya Mererani halijakuingia kifuani na kwamba unakula vizuri. Sisi huku wazima, ila baridi ya mlimani imetubana. Bibi hajambo, na habari yake ndiyo iliyonikalisha kitako niandike.

Ile pikapu uliyotutumia ilianza kula oili. Fundi Athanas, jirani yetu aliyepunguzwa kazi kiwandani, akaitoa injini yote kwa mnyororo. Sijawahi kuona gari limebaki tupu vile! Zamani tungesubiri ringi za pistoni mwaka mzima na barua ya kibali. Siku hizi mtu anakwenda mjini leo, kesho anarudi nazo.

Kabla hajaondoka kwenda kuzinunua alinionyesha paipu mbili zinazotoka kwenye tangi la dizeli, unene mmoja, kutu ile ile. Moja hupeleka dizeli kwenye injini, nyingine huirudisha iliyozidi. Ya kwenda akaifunga kitambaa cheupe, ya kurudi cheusi, asije akazichanganya.

Sasa unamjua mama yako. Alfajiri alikwenda kulipapasa gari la mwanawe, kama kawaida yake. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, lakini cheupe na cheusi bado anavitenganisha. Kuona vitambaa kama vya tambiko ndani ya gari lako, akajua mahasidi wamekufunga, ndiyo maana miaka yote hii huji nyumbani! Akavifungua huku akisoma Kul-huwallahu, akavitia motoni. Alikuja kutuambia kwa furaha kwamba amekufungua.

Nilicheka, kisha nikakumbuka safari ya Bibi ya hospitali. Madaktari wa macho walikuwa wanapokea wagonjwa mjini Alhamisi ile tu, halafu wanaondoka. Gari jingine halikuwepo, na Bibi asingeweza kushuka kwa miguu. Athanas aliporudi alikuna kichwa. Alisema paipu zikibadilishana, injini itakosa dizeli na kuzimika, pengine katikati ya mteremko.

Akarudisha injini mahali pake, akafungua tangi, akaniambia nipulize paipu moja moja yeye asikilize. Lakini mashine za kiwandani zilishamharibu masikio.

"Nipisheni," Bibi akasema. "Yaliyoondoka ni macho, masikio yapo."

Akatega sikio kwenye mdomo wa tangi. Nikapuliza ya kwanza. "Upepo mtupu." Nikapuliza ya pili. "Ee! Hii inatokota kama chungu cha maharage!"

Athanas akapiga makofi. Ya kwenda imezama chini kabisa ndani ya dizeli, ndiyo maana inatoa mapovu. Ya kurudi inaishia juu. Mjomba, nilibaki nimesimama na dizeli mdomoni, mwili unanisisimka. Subhanallah! Pumzi yangu imepita ndani ya chuma chenye giza, na mtu asiyeona ameijua ilikofika!

Alhamisi tulishuka na injini haikukohoa hata mara moja. Wakamfanyia upasuaji wa jicho moja. Siku ya kufunguliwa bandeji nilijisogeza ili aanze na uso wangu mzuri. Akauliza gari liko wapi. Ikabidi tufungue boneti pale pale nje ya hospitali, naye akazitazama zile paipu kwa muda mrefu.

Akamwuliza Athanas kwa nini moja inarudi. Akajibiwa kwamba dizeli hutumwa nyingi kuliko inayohitajika, na isiyotumika ina njia yake ya kurudi ilikotoka. Tulipofika Kinole, Bibi akaniambia nikuandikie.

Mama anakusalimu sana, pia Pazi, Mwanvita na mwanawe Shakila. Bibi anakusalimu kwa hiki kitambaa cheusi ulichokikuta kwenye bahasha. Amekichana mwenyewe kwenye pindo la kaniki yake. Anasema sasa amejua kwamba hakuna mtu aliyekufunga, basi anataka kujua mbona hurudi. Jicho moja linaona tayari, na bado halijakuona wewe.

Mungu akulinde huko mashimoni, akutoe salama.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Mwanaheri