Mvi za Gari la Baba

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na natumaini goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kazini. Sisi hatujambo, ila nyumba imekuwa kubwa. Wifi yako anakusalimu, ingawa anajua hutajibu.

Umeuliza kama gari la Baba bado lipo. Lipo, chini ya dirisha la chumba chake. Ulipokuja mwaka juzi ulisema linaonekana kama yatima. Ilikuwa kweli: bodi nzima, lakini plastiki nyeusi za bampa, za milangoni na za juu ya magurudumu zilikuwa zimepauka kwa jua hadi rangi ya majivu. Baba aliziita mvi. Alisema yeye na gari lake wamezeeka pamoja, na hakuna wa kumcheka mwenzake.

Nikaona nimfurahishe. Jumamosi ile, Baba akiwa amelala mchana, nilimleta fundi rangi wa mtaa wa nyuma. Tuliosha plastiki kwa sabuni na brashi, tukazikausha, tukafunika bodi kwa tepu ya karatasi. Fundi akawasha mashine ya hewa moto na kuipitisha polepole, akinionya kwamba mkono ukisimama mahali pamoja plastiki inayeyuka. Alisema moto unayaita mafuta yaliyojificha ndani yaje juu. Kweli, kijivu kilikimbia na weusi ukarudi. Nilimwomba anipitishie na mimi kichwani. Akajibu kwamba kwangu hamna mafuta ya kuita, pakavu mpaka ndani. Mwisho tukapaka dawa nyeusi kwa sponji. Kufika saa kumi, gari lilikuwa kama limetoka dukani jana. Nikamsindikiza fundi na mashine yake hadi barabarani.

Baba alipoamka alikwenda kukaa garini, kama kila siku. Unajua alikuwa ameshasahau jina langu, lakini gari hakulisahau. Safari hii alilizunguka mara mbili. Aligusa bampa, akavitazama vidole vyake. Aliniuliza, kwa adabu ya mtu anayemuuliza mgeni, mzee mwenzake yuko wapi. Nilimwambia ndilo hilo. Akasema hilo ni la kijana fulani, tena lina maringo. Nilicheka, dada. Nikaingia ndani kunawa mikono, na dawa ile haitoki upesi.

Nilipotoka, hakuwepo.

Mvua ya usiku ule unaijua, na kikohozi kilichomchukua siku ya tisa unakijua. Sikukwambia tulivyomkuta. Asubuhi alikuwa amesimama nje ya shule, ameloa chapachapa, ameshika kitasa cha gari la mwalimu mmoja. Aina nyingine, rangi nyingine, ila plastiki zake zilikuwa zimepauka. Mwalimu alituambia kwamba mzee alimsalimu vizuri, akamwomba asimgombeze kwa kuchelewa, maana alikuwa anamtafuta mwenzake tangu jana.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Niliwaambia ninyi nyote kwamba wifi yako ndiye aliyeliacha geti wazi alipotoka kwenda dukani. Hakwenda dukani. Alikuwa uani anaanua nguo. Geti niliacha wazi mimi, nilipomsindikiza fundi, na aliyemfanya Baba atoke kulitafuta gari lake ni mimi pia. Wifi yako alinisikia nikisema uongo ule, akanitazama, kisha akarudi jikoni. Nilidhani nitausahihisha jioni. Siku ya maziko, ulipomwambia mbele ya ukoo kwamba humjui tena, nilikuwa nimekaa kati yenu, mikono mifukoni. Kucha zangu zilikuwa bado nyeusi.

Mwezi wa saba huu tangu maziko, anapika, anafua, anawakumbusha watoto wakuombee kila usiku. Hajanidai neno. Jana nilimwambia kwamba nakuandikia, akauliza tu kama nina stempu.

Mvua zimeanza kuiondoa dawa. Kwenye pembe ya bampa, upande wa dereva, mvi zimerudi, upana wa kiganja. Sitazigusa.

Wasalimie shemeji na wapwa zangu. Ukiamua kujibu, usiniandikie mimi. Andika jina la wifi yako juu ya bahasha, nami nitampelekea bila kuifungua.

Ni mimi,
mdogo wako