Mpishi Asiye na Jina

Falguni uko? Nimejifungia bafuni kwa kina Hugo, nahangaika na sabuni. Pete ya uchumba haitaki kutoka.

Leo si ndiyo nimemleta mama aonane na wakwe? Tumekuta wametupikia khichdi! Ule wali wa choroko wa kumlisha mtu akiwa na homa, ndio wa kumkaribishia mkwe! Tena wameuvuruga na samaki na mayai, na mama tangu azaliwe hajaonja samaki.

Kajikaza. Kala mkate, katabasamu.

Mara mama yake Hugo analeta daftari la babu yao, aliyekuwa ofisa huko kwetu Gujarat enzi za Waingereza. "Yeye ndiye aliyemfundisha mpishi wake kupika hiki."

ALIMFUNDISHA. Mhindi. Khichdi!

Mama akaweka kijiko chini. "Huyo mpishi aliitwa nani, dada?"

Wakapekua daftari zima. Hakuna jina, kila ukurasa ni "mpishi" tu. Ila farasi wanne wa babu wameandikwa wote, hadi na siku walizokufa.

Hugo anacheka! "Hao nawajua tangu utotoni." Akawataja bila kutazama: Juno, Bess, Captain, Dapple.

Mama akaniangalia.

Falguni, mama yangu anaitwa Jyotsna. Mwaka wa pili huu Hugo anamwita "mama yako", eti jina lake gumu. Kwa farasi hakukwama hata mara moja.